Ticha kasema tukaijaribu kwa mtu asiyejua, nifanye nini?

Assalaam aleykum Anti,

Naomba unisitiri jina langu na jina la chuo, sitaki kumuharibia mtu. Mie mtoto wa kike, niko mwaka wa pili diploma ya IT hapa Unguja, nakaa Fuoni na wazee wangu. Mwaka huu tumeanza somo la usalama wa mtandao na hilo ndo lilonifanya niichague hii kozi tokea mwanzo. Mwaka wa kwanza ulikuwa notsi tupu, virusi ni nini, trojani ni nini, wormu ni nini, unakariri unaenda kuandika kwenye mtihani basi. Sasa mwaka huu tumeletewa ticha mpya, kijana, mjuzi wallahi, siku ya kwanza tu katwambia hapa hatukariri, hapa tunashika. Darasa zima lilifurahi na mie nafkiri nilifurahi kuliko wote.

Asaimenti ya kwanza alikuja na flashi, ndani mna faili limefungwa zip lina paswedi, akasema hichi ni kirusi cha kweli si cha mchezo, kila mtu akikopi akaangalie kinafanya nini. Flashi ikazunguka mkono kwa mkono. Wenye laptop wakaweka kwenye laptop zao, wasio nazo wakafungulia kwenye kompyuta za lebu ya chuo, tukaambiwa antivirusi tuizime maana itaifuta. Na hizo kompyuta za lebu Anti ziko mtandao mmoja na ofisi za juu, najua kwa sababu ukitaka kuprinti unaiona printa ya ofisi ya uhasibu kwenye orodha. Mie nilikopi kwenye flashi yangu nikaenda nayo nyumbani na mpaka leo sijaifungua, kwa sababu laptop ninayotumia si yangu peke yangu, ni ya kaka angu, yeye anapokea bukingi za gesti moja ya Paje na humo ndani mna picha za paspoti za wageni, mna imeili ya kazi, mna kila kitu chake. Flashi ipo kwenye droo. Juzi mdogo wangu kaichukua anataka kwenda nayo steshenari akaprinti fomu ya skuli, nimemkimbilia mpaka mlangoni namnyang'anya, mama ananiuliza una nini wee.

Hiyo ya kwanza. Asaimenti ya pili ndo iliyonitoa usingizi. Kila grupu liandike kilogga, ile programu inayokaa kimya kwenye kompyuta inarekodi kila kitu mtu anachoandika, halafu tukaijaribu kwa mtu asiyejua, jamaa au rafiki, tulete screenshoti kama ushahidi kuwa imefanya kazi. Mmoja aliuliza kwa nini asijue, ticha akasema akijua ataandika vitu vya uongo hutopata picha halisi. Ina maksi 20.

Kijana mmoja wa grupu letu hakusubiri hata wiki, kaiweka kwenye kompyuta ya kwao anayotumia binamu yake, mtoto wa ami yake, na usiku katuma screenshoti kwenye grupu letu la WhatsApp. Mlikuwa na maneno yote aliyokuwa akimuandikia mchumba wake na mlikuwa na paswedi ya imeili yake. Wenzangu wamecheka, wameweka vikaragosi, mmoja kaandika mashallah mtambo unafanya kazi. Yule msichana mie namjua, tumesoma nae madrasa, na ndoa yake iko karibu. Nilizima simu nikalala bila kula.

Nilimueleza baba, si yote, lile la binamu sikulisema. Baba kasema hiyo ni tajassus, yaani kupeleleza siri za watu, somo zima ni haramu, niache nitafute kozi nyengine. Kaka kasema laptop yake nisiiguse tena. Wenzangu wanasema mie muoga na kwamba kazini wanataka watu walioshika mambo sio waliosoma notsi. Na ticha si mtu mbaya Anti, anakaa na sie mpaka magharibi kutuelekeza bila kulipwa zaidi, ndo maana najiuliza labda mie ndo sielewi. Je kujifunza kwa kushika virusi vyenyewe ni makosa? Na nikikataa hii asaimenti nitakuja kuwa na maana yoyote kwenye hii kazi?

Mwanafunzi, Fuoni

*

Waaleykum salaam mdogo wangu,

Nianze na la haraka maana naona siku zinakwenda. Asaimenti ya pili kama ilivo usiifanye. Kozi usiiache. Na hiyo flashi itoe kwenye droo leo, itie kwenye bahasha, andika kwa kalamu ya wino mzito VIRUSI USICHOMEKE, kesho mpe ticha mkononi mwambie nyumbani kwetu hamna pahala pa kuiweka. Usijaribu kuifomati kwa laptop ya kaka ako. Faili likiwa bado limo kwenye zip yenye paswedi halijirushi lenyewe, kwa hiyo kwa hilo hujamdhuru mtu tulia, lakini flashi iliyochomekwa kwenye kompyuta za lebu zilizozimwa antivirusi hujui imeokota nini chengine. Sote tunazijua flashi zinazorudi kutoka steshenari, unafungua unakuta mafolda yote yashakuwa shotikati na vitu vyako vimefichwa, ukibonyeza tu na kompyuta yako imo. Mdogo wako angelifika nayo pale dukani, foleni nzima ya watu wanaoprinti vyeti na fomu za paspoti ingelibeba kitu kutoka nyumbani kwenu. Ulivomkimbilia ulifanya vizuri sana na wala usione haya.

Sasa swali lako lenyewe. Kushika si makosa, na hapo ticha wako yuko sahihi kabisa, namtetea. Mie nimefanya kazi ya kulinda mifumo ya watu miaka mingi, napokea vijana wanaokuja fildi, na wapo wanaojua tafsiri zote kichwani kama wanasoma, lakini muekee kompyuta inayofanya mambo ya ajabu mbele yake hajui aanzie wapi, la kwanza anakimbilia kuifomati, na ushahidi wote unakwenda na maji, hatujui tena mtu aliingia vipi wala kaondoka na nini. Yule hakufunzwa kushika. Daftari halimuoneshi mtu programu hasidi inavojificha kwenye vitu vinavowaka na kompyuta, wala inavokwenda kubisha hodi kwa bwana wake huko nje kila baada ya dakika kadhaa.

Tarehe 12 Mei 2017 ransomwea, kirusi kinachofunga mafaili ya mtu mpaka alipe pesa, iliyoitwa WannaCry ilifunga kompyuta zaidi ya laki 2 katika nchi kama 150, hospitali za Uingereza zikawa zinarudisha wagonjwa. Aliyeikata makali ni kijana wa miaka 22, Marcus Hutchins, na alivoikata ndo somo lako lenyewe hilo, aliipata sampuli akaiendesha kwenye mazingira yake yaliyofungwa, akaona kwamba kabla haijafanya lolote inaulizia jina moja la tovuti refu la ovyo ovyo ambalo hakuna mtu aliyelisajili. Akalisajili kwa pesa kidogo tu. Kumbe lile lilikuwa breki, WannaCry ikiona jina linajibu inajizima, na hata yeye mwenyewe wakati analisajili hakujua kama litaizima. Mtu wa notsi tupu asingeliliona lile jina.

Lakini hadithi ya Hutchins ina upande wa pili na ticha wako angewasomesha yote mawili siku moja. Agosti ya mwaka ule ule alikamatwa Las Vegas, kwa kirusi cha kuibia akaunti za benki kinachoitwa Kronos ambacho alishiriki kukiandika zamani akiwa kijana mdogo zaidi. 2019 akakiri, mahakama ikaona muda aliokwishakaa ndani unatosha, ikamuongezea mwaka mmoja wa kuangaliwa. Ujuzi ni ule ule na mikono ni ile ile. Kilichobadilika ni kompyuta ilikuwa ya nani, nani karidhia, na kile kitu kilitoka kwenda wapi.

Ndo maana nasema kosa la darasa lenu liko kwenye chumba, na liko kwenye ridhaa. Kwetu Pemba pale Wawi iko maabara ya afya ya jamii ya Ivo de Carneri, tokea mwaka 2000 wanashughulika na minyoo na kichocho, na wanafunzi wanakwenda pale wanajifunza kwa vitu vya kweli. Umeshasikia mwanafunzi kapewa kikopo cha sampuli akakiweke kwenye friji la mama yake? Au kaambiwa akamtie mtu ugonjwa bila ya kujua ili apate picha halisi? Hao wanashika kuliko nyie, na ile mlango, glavu na daftari la nani kachukua nini ndo mafunzo yenyewe, siku ya kwanza kabla hujaonjeshwa kingine chochote.

Na kwa wenye fani hii pia si jambo jipya. Mwaka 2003 Chuo Kikuu cha Calgary huko Kanada kilitangaza somo la kuandika virusi, mwalimu wake John Aycock, kampuni za antivirusi zikaja juu vibaya, zikasema mnafuga wezi na huhitaji kuandika kirusi kipya ili ujue kuvikamata. Chuo hakikurudi nyuma ila walitenga lebu, mtandao wake umekatwa na mitandao mengine yote. Mie kwenye ugomvi ule nasimama kati lakini si katikati kabisa: kwa diploma naona kuvipasua virusi vya zamani vilivyokwisha julikana kunafunza zaidi kuliko kuandika vipya, lakini kilogga kidogo cha kujiandikia mwenyewe, kwenye kompyuta ya majaribio, sioni ubaya wake, ni mistari michache na ukishaiandika mwenyewe unajua pa kuitafuta. Ugomvi wangu na asaimenti yenu unaanzia kwenye yale maneno mawili, mtu asiyejua.

Wenzako watakwambia ni mambo ya chuo tu haya. Robert Tappan Morris nae alikuwa mwanafunzi, chuo cha Cornell, Novemba 1988 kaachia wormu yake, programu inayojisambaza yenyewe, kwenye intaneti, hakuwa na nia ya kuharibu kitu, lakini ilikuwa inajizalisha kupita alivyokadiria na maelfu ya kompyuta zikazidiwa, makadirio ya wakati ule yalisema 6,000 wakati intaneti yote ilikuwa na kama 60,000. Mwaka 1990 akahukumiwa, miaka 3 chini ya uangalizi, saa 400 za kazi za jamii, faini dola 10,050. Hakimu hakuuliza kama ilikuwa asaimenti. Na yupo mwengine wa karibuni zaidi, Mturuki, Utku Sen, 2015 aliweka wazi maandishi ya programu ya ransomwea aliyoiita Hidden Tear akaandika ni kwa ajili ya elimu tu, wahalifu wakaichukua wakaitengenezea za kwao wakatoza watu pesa. Kuandika "kwa elimu tu" juu ya faili hakulizuii faili kutoka mlangoni, na nyie la kwenu limeshatoka, limo kwenye laptop za darasa zima na hakuna hata mmoja anayejua ziko majumba mangapi.

Na sheria nayo ipo, msidanganyane. Zile siku za ILOVEYOU, Mei 2000, yule kijana wa Manila, Onel de Guzman, alikuwa mwanafunzi wa kompyuta na chuo kilikuwa kimeshamkatalia projekti yake ya kuiba paswedi za watu ili wasiokuwa na pesa wapate intaneti. Kesi yake ilifutwa kwa sababu Ufilipino haikuwa na sheria ya jambo lile wakati ule. Sie huku tunayo, Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, na inatumika Bara na inatumika Zanzibar. Inakataza kuingia kwenye kompyuta ya mtu bila ruhusa yake, inakataza kudaka mawasiliano yake, inakataza hata kukaa na programu iliyotengenezwa kwa ajili ya kutenda kosa ikiwa huna sababu ya halali. Ticha hana uwezo wa kukupa ruhusa ya kompyuta isiyo yake. Akisema nenda na ukenda, aliyekwenda ni wewe.

Sasa kwenye kuzungumza nae. Usiende peke yako na usiandike kwenye grupu, mtafute mwenzio mmoja au wawili wenye moyo kama wako, mumsubiri baada ya kipindi. Umesema si mtu mbaya na mie nakuamini, walimu wengi vijana wenye hamu wanakuwa hivi, wamejifunza wenyewe chumbani kwao bila ya mtu wa kuwaambia, wanadhani kila mtu atajifunza vile vile. Msiende na lawama, nendeni na asaimenti mbadala mkononi ili asipate kusema mnakwepa kazi. Mwambieni: ticha tunaomba tuijaribu sisi kwa sisi, mmoja anakuwa mlengwa, kaandika karatasi na kusaini kuwa karidhia, kompyuta ni ya majaribio, akaunti ya kubuni, paswedi ya kubuni, anaandika ukurasa tuliokubaliana. Kisha grupu jengine linapewa ile kompyuta bila kuambiwa kilogga kimefichwa wapi, wakitafute, waandike ripoti walikionaje. Hapo kuna kazi mara mbili ya ile ya mwanzo na nusu yake ni ya ulinzi. Akikujibuni kwamba mtu akijua haandiki vitu vya kweli, mwambieni kwa adabu kibodi haijui kama mtu anasema kweli au anabuni, herufi inadakwa ile ile, na somo si tabia za jamaa zetu.

Na la lebu mlitaje papo hapo. Hamhitaji mapesa, kompyuta mbili tatu za zamani zilizotolewa ofisini zinatosha, waya wa mtandao uchomolewe kweli kweli na waifai itolewe, ndani yake muweke VM, ile kompyuta ndani ya kompyuta, VirtualBox ni ya bure, mnapiga snapshoti kabla, yaani mnahifadhi hali yake ilivyo, mnaendesha kirusi, mnaangalia, mnarudi pale pale mlipoanzia. Folda la pamoja kati ya VM na kompyuta kubwa lizimwe, kopi na pesti baina yao izimwe, maana kirusi kuruka kutoka VM kwa nguvu zake ni nadra lakini kupita kwenye mlango uliomuachia mwenyewe ni kila siku. Mkitaka kuona kinavyoita nje ipo programu INetSim inajifanya ni intaneti nzima, kirusi kinadhani kimefika kumbe kinazungumza na ukuta. Na sampuli zinakaa kwenye ile kompyuta, hazitembei na flashi, faili limebadilishwa jina la mwisho ili mtu hata akibonyeza kwa bahati mbaya lisifunguke. Mkizimaliza hizi ndo mzime antivirusi, ya mashine ile ile tu.

Asipokusikilizeni, basi kwa heshima mnamuandikia mkuu wa idara, barua fupi, mkitaja ile printa ya uhasibu. Hilo la printa peke yake litamuinua mtu kwenye kiti chake, maana kama lebu inaiona ofisi basi na kirusi cha lebu kinaiona ofisi, na huko mna majina, ada na namba za simu za wanafunzi wote. Huko si kumchongea, chuo kina haki ya kujua nyumba yake ina ufa.

Nimelichelewesha lile la binamu kwa sababu ndilo linaloniuma zaidi. Yule msichana hajui mpaka sasa hivi kuwa maneno aliyomwambia mchumba wake yamesomwa na vijana chungu nzima, na paswedi yake bado ni ile ile. Mdogo wangu hii si ya kusubiri asaimenti. Mwambie yule kijana, ana kwa ana au kwa simu, aitoe ile programu leo, afute screenshoti na aombe kila mmoja kwenye grupu afute, kisha akamwambie binamu yake kwa mdomo wake mwenyewe na amuombe radhi, na abadilishe paswedi kutoka kwenye simu yake, sio kutoka kwenye kompyuta ile ile. Mpe mpaka kesho usiku. Asipofanya, nenda wewe, peke yako, usimtume mtu. Humwambii walichosoma wala nani kacheka, unamwambia tu kompyuta ile ilikuwa inarekodi maandishi, badilisha paswedi zako zote leo, na kama unataka kujua zaidi muulize mtoto wa ami yako. Atalia, labda atakukasirikia wewe uliyemfikia badala ya aliyemfanyia, uvumilie. Ukoo mmoja, harusi iko njiani, neno moja likivuka mpaka kwa upande wa pili halirudi, na hapo hata maksi 100 haziwezi kulifuta. Ikitokea hapa Unguja mtoto wa kike kuvunjiwa sitara yake kwa ajili ya screenshoti ya maksi 20, mie nasema hilo darasa limefunza ubaya, ujuzi wa mwalimu uwe mkubwa vipi.

Baba ako ana haki zaidi kuliko wenzako wanavomuona. Alichokisema kuhusu kuchunguzana kimo kwenye Suratul Hujurat aya ya 12, na asaimenti yenu ya pili imeingia humo bila ya mjadala. Lakini kinachokatazwa ni kumchungulia mtu, si kujua mwizi anaingiaje. Mkalishe baada ya isha, mwambie umeikataa ile ya kupeleleza watu na kwamba alikuwa sahihi juu yake, hilo litangulie, halafu umueleze kompyuta za hospitali za Uingereza zilivyofungwa na kirusi, kisha kijana mmoja akaiona breki. Umuulize benki anayowekea pesa zake za pensheni, Zanzibar hapa hapa, angependa mlinzi wake awe amewahi kumuona mwizi au amesoma habari zake tu. Usimbishie, muachie alale nalo. Na kaka ako mwambie laptop yake hutoigusa kwa mambo ya virusi na umaanishe, paspoti za wageni wa watu ni amana, wamempa yeye hawakukupa wewe.

Kuhusu kazi. Aliyekwambia soko linataka walioshika kasema kweli, lakini sijawahi kumuajiri mtu kwa sababu alimdukua binamu yake, na nikijua kafanya hivo simuachii funguo za seva hata aje na vyeti vya wapi. Ninachotizama mie kwa kijana ni ripoti. Chukua kile kirusi cha asaimenti ya kwanza, kwenye ile lebu iliyofungwa mkishaipata, uandike kurasa mbili tatu: kilijikopi wapi, kilibadilisha nini, kiliita nani nje, na mtu wa kawaida wa ofisini angekigundua vipi. Kwa sasa kabla lebu haijakuwa tayari jifunze kwa macho tu nyumbani, ukipata laptop isiyo ya kaka ako weka Ghidra, ni ya bure, ilitolewa na NSA, shirika la ujasusi la Marekani, 2019, ujifunze kusoma programu za kawaida zisizo na madhara bila kuziendesha, na ukitaka kuiona antivirusi ikishtuka lipo faili la majaribio la EICAR, herufi 68 tu, halidhuru kitu, limetengenezwa kwa kazi hiyo hiyo. Ripoti hizo ziweke vizuri zikiwa na tarehe. Ukimaliza mwaka ukiomba fildi, iwe benki, iwe Mamlaka ya Serikali Mtandao hapa Zanzibar, nenda nazo mkononi, na wakikuuliza kilogga ulikijaribu kwa nani waoneshe ile karatasi yenye saini ya mwenzio.